Wanashangilia jaribio, mtihani wanafeli: nifanyeje?

SWALI: Ninafundisha Fizikia na Kemia kidato cha pili katika sekondari ya kata. Darasa lina wanafunzi 68, maabara ni chumba chenye meza tu, na kipindi ni dakika 40. Nimejitahidi kuleta majaribio ya kusisimua: volkano ya siki, yai kuingia kwenye chupa. Wanashangilia kweli kweli. Lakini wiki mbili baadaye nikiwauliza kwa nini yai liliingia, kimya. Na mtihani wanafeli vilevile. Kila mahali naambiwa nifanye sayansi iwe ya kufurahisha. Nifanye nini zaidi ya hapo?

JIBU: Mwalimu, majaribio yako hayana ubaya. Tatizo ni kwamba wanafunzi wanayatazama kama mazingaombwe: wanangoja kushangaa, wanashangaa, kengele inalia. Kabla yai halijazama hakuna hata mmoja aliyekuwa amesema litazama au halitazama, na kwa nini. Kwa hiyo lilipozama, hakuna wazo la mtu lililovunjika wala kuthibitika.

Dawa yake unaijua tangu utotoni. Kitendawili! Tega. Hakuna bibi anayetega kitendawili na kutoa jibu pumzi hiyohiyo. Watu lazima wajaribu, wabishane, wakosee, na wakishindwa kabisa watoe mji ndipo waambiwe. Ule mji ndio unaolifanya jibu likae kichwani, maana umelilipia. Jaribio la sayansi nalo litegwe hivyo: kila mwanafunzi abashiri na kuandika sababu yake, ndipo jaribio lifanyike, ndipo aeleze tofauti kati ya alichobashiri na alichokiona. Utaratibu huu, bashiri, tazama, eleza, ulienezwa na watafiti wawili wa Australia, Richard White na Richard Gunstone. Hauhitaji kifaa chochote cha ziada. Unahitaji dakika nane ambazo sasa hivi unazitumia kuandika madhumuni ya jaribio ubaoni.

Tuanze na yai lako, kwa kuwa lina mtego mzuri ambao wengi hawautumii. Ukilifanya kwa kutupia karatasi inayowaka ndani ya chupa, wanafunzi karibu wote watasema moto umekula oksijeni, nafasi ikabaki, yai likaingia. Vitabu kadhaa navyo vinasema hivyo, na si maelezo sahihi. Sasa tega: “Nikitumia maji ya moto bila moto wowote, yai litaingia?” Mwenye kuamini hadithi ya oksijeni lazima aseme hapana. Chukua chupa ya kioo yenye mdomo mdogo kidogo kuliko yai, kama zile pana za sharubati. Suuza kwanza kwa maji ya vuguvugu, la sivyo kioo kitapasuka. Mimina maji yanayochemka mpaka robo ya chupa, yazungushe kwa sekunde 20 ukiwa umeishika kwa kitambaa kinene, yamwage, kisha weka juu ya mdomo yai lililochemshwa na kumenywa, lililopakwa maji au mafuta kidogo. Kalishe kitako cha chupa kwenye beseni la maji baridi. Yai litazama. Mvuke ulifukuza hewa, ukapoa ukawa maji, kanieneo (presha) ndani ikashuka, na hewa ya nje ikalisukuma yai. Angalia pia neno wanalotumia. Wengi watasema chupa “imelivuta” yai, na hapo ndipo pa kusimama: nani amesukuma? Yai likigoma kuingia, sababu huwa mbili: ni kubwa mno, au limekaa upande na kuacha upenyo wa hewa.

Jaribio linalolipa kuliko yote kwa darasa la umeme ni la globu mbili. Chukua betri mbili za tochi za volti 1.5, globu mbili za tochi za volti 2.5, na waya. Chora ubaoni saketi ya mfululizo, yaani globu zikifuatana kwenye njia moja ya waya. Uliza: ipi itawaka zaidi? A, iliyo karibu na chanya. B, iliyo karibu na hasi. C, zote sawa. Kila mmoja aandike herufi na sentensi moja ya sababu. Kisha wapige kura kwa vidole vilivyoshikwa kifuani, macho yamefumbwa, ili mtu asimtazame yule anayeongoza darasa. Hesabu haraka, andika idadi ubaoni, usionyeshe kwa uso wala kwa sauti jibu ni lipi. Halafu wape dakika tatu, kila mtu atafute jirani ambaye hakuafikiana naye na kumshawishi. Kura ya pili. Ndipo unganisha.

Utashangaa wangapi watachagua A. Kwa mawazo yao umeme ni kama maji ya kunywa: globu ya kwanza inakunywa, ya pili inapata masalia. Zikiwaka sawa, mtu aliyetetea A kwa dakika tatu atataka mwenyewe kujua kwa nini, na hapo ndipo maneno yako kuhusu mkondo kuwa uleule kila mahali kwenye saketi ya mfululizo yanapata pa kukaa.

Lakini jaribio hili lina mitego ya vifaa inayoweza kulivuruga lote. Globu zisipokuwa za aina moja, zenye volti na ampea zilezile zilizochongwa kwenye kitako, moja itawaka zaidi, na umewathibitishia kosa lao. Zijaribu jana yake. Ikitokea darasani, usihangaike wala usiombe radhi: zibadilishe nafasi. Mwanga ukihama pamoja na globu, basi tofauti iko kwenye globu, haiko kwenye nafasi, na umepata somo la kudhibiti vigezo bila kulipanga. Usiongeze betri ya tatu. Kwa volti 4.5 globu moja ikiunganishwa peke yake itaungua. Usitumie taa za LED kutoka tochi za siku hizi: nyeupe moja huhitaji karibu volti 3, kwa hiyo mbili kwa mfululizo kwenye betri mbili haziwaki kabisa, na darasa litaondoka na fumbo jingine. Globu za zamani, zenye waya mwembamba unaowaka ndani, bado zipo kwenye maduka ya vifaa vya umeme na kwa mafundi redio. Mwanga utakuwa hafifu kwa kuwa kila globu inapata volti 1.5 tu, hivyo funga madirisha au weka globu ndani ya boksi lililo wazi upande wa wanafunzi.

Kwa vikundi, pendulamu haina mpinzani, kwa sababu gharama yake ni uzi na nati. Wengi huifundisha kwa kuandika fomula kisha kuithibitisha. Igeuze. Ning'iniza nati kwa uzi wa mita 1, mwanafunzi mmoja apime muda wa kwenda na kurudi mara 10 kwa simu: karibu sekunde 20, yaani sekunde 2 kwa kila mara. Tega: “Nataka sekunde 1. Nikate uzi ubaki na urefu gani?” Karibu darasa zima litasema sentimita 50. Wape vikundi waukate. Watapata sekunde 1.4 hivi, watarudia kupima wakidhani wamekosea, watabishana na mtunza muda. Waache wabishane. Baadhi wataanza kufupisha kidogo kidogo wenyewe hadi wafike sentimita 25. Mwanafunzi aliyefika 25 kwa mikono yake amekwisha kuiona kanuni ya kipeo cha pili: muda nusu, urefu robo. Wewe unampa tu alama za kuiandikia.

Mambo matatu huharibu vipimo hapa. La kwanza ni kuhesabu “moja” wakati wa kuachia nati. Anayefanya hivyo amepima mara tisa, na muda wake utapungua kwa asilimia 10. Wafundishe kuanza na “sifuri”. La pili, urefu unapimwa mpaka katikati ya nati, hauishii kwenye fundo. La tatu ni la hila: wakitaka kujua kama uzito unabadilisha muda, watafunga nati ya pili chini ya ya kwanza, ya tatu chini ya ya pili. Pendulamu imerefuka bila wao kujua, nao watahitimisha kwamba kitu kizito huenda polepole. Nati zote zipite kwenye fundo moja, zikae pamoja. Na wasivute mbali. Pembe ya digrii 15 inatosha.

Volkano ya siki nayo usiitupe. Ivue mapambo, iingize kwenye chupa, na iwe swali la uzito. Unahitaji chupa ya plastiki ya soda ya lita 1.5 yenye kifuniko chake, siki mililita 100, na beking soda kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, takriban gramu 4 hadi 5. (Iwe beking soda kweli, beking pauda ina wanga ndani yake na hutoa gesi kidogo.) Funga unga kwenye kipande cha karatasi laini, usokote, ubane kwenye shingo ya chupa kwa kifuniko bila kugusa siki. Pima chupa nzima kwenye mizani ya jikoni. Uliza: nikiinamisha chupa vikachanganyika, mizani itapanda, itashuka au itabaki palepale? Wengi watasema itashuka, kwa sababu gesi “haina uzito”. Wengine watasema itapanda, maana chupa imekuwa ngumu kwa gesi. Inamisha, pima: palepale. Sasa tega la pili kabla ya kufungua kifuniko. Fungua polepole, tikisa kidogo, pima tena: gramu 1 au 2 zimeondoka. Mizani isiyosoma chini ya gramu 5 haitaona kitu.

Kwenye jaribio hili usizidishe kipimo hata kidogo. Siki ya asilimia 5, mililita 100, ikikutana na gramu 7 za beking soda hutoa karibu lita 2 za gesi. Kwenye chupa ya nusu lita iliyofungwa hicho ni kitu cha kupasuka usoni mwa mtu. Gramu 4 au 5 ndani ya lita 1.5 huongeza kanieneo chini kidogo ya ile ya hewa ya kawaida, na chupa ya soda imetengenezwa kuhimili zaidi ya hapo. Chupa ya maji ya kunywa ni nyembamba, iache. Ya kioo ndiyo kabisa.

Asidi na besi nitazipitia kwa haraka, maana hapa kubashiri ni rahisi. Chemsha maji, mimina mililita 100 juu ya gramu 10 za choya kavu, acha dakika 10, chuja. Utapata kiashiria chekundu kinachobaki chekundu kwenye ndimu na siki, na kugeuka kijani au bluu kwenye magadi, maji ya majivu na sabuni ya kufulia. Tumia matone machache tu. Choya yenyewe ina asidi, ukiimwaga nyingi itameza besi yako yote na rangi haitabadilika. Tengeneza ya siku hiyohiyo, kwa sababu baada ya siku mbili tatu huota ukungu. Haifai kwa titresheni (kupima kiasi cha asidi kwa kuidondoshea besi) ya vipimo halisi kwa kuwa rangi yake hubadilika taratibu, haikatiki pale pale. Na maji ya betri ya gari yasiingie kwenye mikono ya wanafunzi kwa kisingizio cha kubana matumizi: ni asidi ya salfuriki, inatoboa nguo na inapofusha.

Wanafunzi 68 wagawe vikundi 12 vya watano au sita. Kikundi kikizidi sita, wawili wanafanya na wengine wanapiga soga. Kila kikundi kiwe na mshika vifaa, mtunza muda, mwandishi, na mtu mmoja ambaye kazi yake ni kuuliza “tunajuaje?” kila jibu linapotolewa. Nafasi zizunguke kila jaribio, la sivyo wasichana watakuwa waandishi mwaka mzima na wavulana watashika vifaa. Vifaa viwe kwenye maboksi ya viatu, orodha imebandikwa ndani ya kifuniko, na hakuna kikundi kinachotoka kabla boksi halijahesabiwa. Hili la kuhesabu linaonekana dogo, lakini nati na globu huisha kwa wiki mbili usipolisimamia.

Sasa mambo yanayoua mbinu hii hata vifaa vikiwa kamili. Kubwa ni haraka ya mwalimu. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani, alipima miaka ya 1970 muda ambao walimu husubiri baada ya kuuliza swali: wastani wa sekunde moja hivi. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka na wanafunzi waliokuwa kimya wakaanza kusema. Hesabu moyoni mpaka tano. Inachosha mwanzoni. Jingine ni kucheka ubashiri mbaya, hata kwa upole. Ukimcheka mmoja leo, kesho 68 wataandika anachoandika kinara wa darasa. Uchukue ubashiri usio sahihi kama mali: “Nani anaweza kuitetea A vizuri kuliko aliyeisema?” Na usitege swali ambalo wote wanalijua au ambalo hakuna mwenye pa kuanzia. Eric Mazur wa Harvard, aliyeanza kufundisha fizikia ya chuo kwa kura na mabishano ya majirani miaka ya 1990, hutumia kipimo hiki: majibu sahihi ya kura ya kwanza yakiwa kati ya asilimia 30 na 70, wape nafasi wabishane. Yakiwa chini, rudi ufafanue. Yakiwa juu, eleza kwa ufupi, songa mbele. Kwa walimu wa vyuo wenye kumbi za watu 200, hii ndiyo njia ninayoipendekeza, hata kwa karatasi za rangi nne badala ya vifaa vya kielektroniki.

Ushahidi upo. Mwaka 1998 Richard Hake alikusanya matokeo ya wanafunzi zaidi ya 6,000 wa fizikia katika kozi 62. Kozi za mihadhara ya kawaida ziliziba wastani wa asilimia 23 ya pengo la uelewa walilokuja nalo wanafunzi. Kozi zilizowafanya wafikiri na kujadiliana papo hapo ziliziba asilimia 48. Hapa hatuzungumzii msisimko, maana hata mhadhiri mchekeshaji yuko kwenye kundi la kwanza.

Kuhusu lugha: acha wabashiri na kubishana kwa Kiswahili. Mwanafunzi wa kidato cha pili anayetafuta neno la Kiingereza hana nafasi kichwani ya kutafuta sababu. Lakini mtihani ni wa Kiingereza, kwa hiyo baada ya jaribio dakika kumi za mwisho ziwe za kuandika kwa lugha ya mtihani sentensi tatu: dai, ushahidi walioupima, na sababu inayounganisha viwili hivyo. Bandika ukutani maneno sita tu ya somo hilo, Kiswahili upande mmoja, Kiingereza upande wa pili. Hapa ndipo lalamiko lako la mtihani linapojibiwa. Wanafunzi wako huenda walielewa zaidi ya unavyodhani, ila hawajawahi kuandika maelezo kwa maneno yao, wamenakili tu. Wiki inayofuata wape swali la mtihani uliopita linalotumia wazo lilelile kwenye sura nyingine: baada ya globu mbili, swali la ammita (vipima mkondo) tatu kwenye saketi moja.

Kipindi cha dakika 40 kinatosha ukikigawa hivi: swali na ubashiri 8, mabishano na kura ya pili 5, jaribio 12, kuandika 10, na tano za kugawa na kukusanya maboksi. Haitatosha kwa pendulamu. Hiyo iweke kwenye vipindi viwili vilivyounganishwa. Na usifanye hivi kila siku. Mara moja kwa wiki kwa kila somo, ukichagua mada ambayo mawazo ya mtaani yanapingana na sayansi, ni bora kuliko majaribio manne ya kupamba.

Itatokea mwanafunzi akaleta jambo ambalo huna jibu lake. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, aliona mchanganyiko wa aiskrimu alioutia kwenye friza ukiwa wa moto ukiganda kabla ya ule uliokuwa umepoa. Alipouliza alibezwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza swali hilo Denis Osborne, mwanafizikia kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam aliyekuja kuzungumza shuleni. Osborne alikwenda kulijaribu badala ya kulikataa, na mwaka 1969 wakachapisha pamoja. Jambo hilo hadi leo lina jina la Mpemba, na wanafizikia bado wanabishana kama hutokea kweli na kwa masharti gani. Kwa darasa lako ni swali zuri la mradi wa muhula kama shule ina friza: vikombe vya namna moja, ujazo uleule, nafasi ileile ndani ya friza. Waulize kwanza “kuganda” wanakokupima ni kupi: barafu ya kwanza kuonekana, au kikombe kizima kuwa kigumu? Vikundi viwili vyenye majibu tofauti ya swali hilo vitapata matokeo tofauti, na wote watakuwa wamepima sawasawa.

Mwisho, kama shule ina kompyuta moja au una simu nzuri: michezo ya PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, yaani majaribio ya kuigiza kwenye skrini, ni ya bure, baadhi imetafsiriwa kwa Kiswahili, na faili zake zikishapakuliwa hufunguka bila intaneti. Ule wa saketi unafaa sana. Ila uwe baada ya globu halisi, usizitangulie. Kwenye skrini globu zote ni pacha na betri haichoki, hivyo lile swali la kwa nini globu yetu imewaka zaidi ya yenu haliwezi kuulizwa kamwe.